Kadenge na Mpira: Kuinuka na Kuporomoka kwa Ligi Iliyotuachia Sajili

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kukitahini kifungu hiki au ndugu yake: "Nambari saba anauchukua, anamkwepa mmoja, anamkwepa wa pili, anaachia mkwaju... lo! Sentimita chache nje ya mlingoti!" Kisha yanafuata maswali ya isimujamii tuliyoyazoea: itambue sajili, halafu eleza sifa zake sita. Mtahiniwa anaandika sentensi fupi fupi, takriri, chuku, nidaa, kuchanganya ndimi na msamiati maalumu wa kandanda. Anatuzwa alama zake na tunasonga mbele.

Sina ugomvi na jibu hilo. Ninachotilia shaka ni dhana iliyojificha nyuma ya swali lenyewe, kwamba sajili hii haina tarehe wala mwenyewe, kana kwamba imekuwapo tangu jadi na itakuwapo daima. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya usemi tunaowafunza vijana wetu kama "sajili ya michezo" ulizaliwa na ligi moja, katika miaka inayojulikana, kupitia redio moja. Ligi hiyo iliinuka, ikavuma, kisha ikaporomoka. Tukikifunza kifungu bila historia hiyo, tunafunza ganda tu na kuiacha kokwa.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1926 reli ilifika Kitale. Mwaka uo huo Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni iliyolidhamini. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata baadaye. Hii ni sadfa, sidai kwamba reli ililetwa kwa ajili ya kombe. Hata hivyo, sadfa hiyo inatusaidia kuona mambo mawili yaliyokwenda sambamba. Reli na mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia viliwatoa watu Maragoli, Bunyore, Bukusu na kwingineko na kuwafanya vibarua ugenini. Wafanyakazi hao wakaanzisha vyama vya watu wa kwao mijini, navyo vyama vikaunda timu. Mpira ukawa njia ya kusema "sisi ni wa pale" ukiwa mbali na pale. Kombe la Gossage lilidumu kwa jina hilo hadi mwaka 1966. Lilibadilishwa jina mwaka 1967, na kuanzia mwaka 1973 likajulikana kama Kombe la CECAFA.

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Sasa, msomaji, iangalie miaka hii kwa makini. Mwaka 1964 serikali ilitwaa utangazaji na kuanzisha Sauti ya Kenya. Mwaka huo huo Leonard Mambo Mbotela alijiunga na redio hiyo. Mwaka huo huo tena, timu kadhaa za Waluhya ziliungana na kuwa Abaluhya, iliyotwaa ubingwa mwaka 1966 na 1967. Gor Mahia ilizaliwa mwaka 1968 na ikabeba taji mwaka huo wa kuzaliwa kwake. Ligi na sauti ya kuisimulia zilikua pamoja kama mapacha. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo ambalo vitabu vyetu vya isimujamii vimelipuuza kuliko yote.

Fikiria hali ya msikilizaji wa Bungoma wa miaka hiyo. Mchezo unachezwa Nairobi, usiku kucha kwa basi. Runinga hana. Anachomiliki ni redio ya betri, pengine si yake bali ya jirani mwenye duka, na wamejazana hapo barazani watu ishirini. Idhaa ya Taifa, iliyotumia Kiswahili, ndiyo macho yao. Mtangazaji hana budi kuujenga uwanja kwa maneno: nani anashambulia lango lipi, mpira uko wingi ya kulia au ya kushoto, jua linampiga kipa machoni au la. Tunapowaambia wanafunzi kwamba sajili hii hutumia wakati uliopo, tuwaeleze pia sababu. Kiambishi -na- hakikuwa pambo la mtindo, maana hadhira isiyoona lazima iambiwe tendo lingali linatendeka.

Msemo uliovuma kuliko yote wa enzi hiyo ni "Kadenge na mpira", unaohusishwa zaidi na Mbotela. Joe Kadenge, mzaliwa wa eneo la Hamisi katika Vihiga ya leo, alikuwa mshambuliaji wa Abaluhya na wa timu ya taifa. Alifariki Julai 2019, na Mbotela akamfuata Februari 2025. Lakini utazame msemo wenyewe jinsi ulivyoundwa. Hauna kitenzi. Mwanafunzi akiuandika katika insha tutampigia mstari mwekundu na kudai "ana mpira" au "yuko na mpira". Kumbe katika kinywa cha mtangazaji udondoshaji huo ndio uhai wake. Mchezaji ni mwepesi mno kiasi kwamba kitenzi hakimfikii. Mtangazaji anapoukariri mara tatu, nne, msikilizaji anaelewa mambo mawili bila kuambiwa: Kadenge hajampa mtu mpira, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Hiyo ni takriri inayofanya kazi ya masimulizi. Mtahiniwa akieleza namna hii, badala ya kuandika tu "kuna takriri", mpe alama kwa mkono mkunjufu.

Zaidi ya hayo, hapa tuna fanani na hadhira katika maana yake kamili ya fasihi simulizi. Tumezoea kuwaonyesha wanafunzi fanani aliyeketi kando ya moto na watoto wakiitikia. Fanani wa redio hakuiona hadhira yake, lakini iliitikia vilevile, kwa ukelele uliopasuka barazani Bungoma na Kitale wakati mmoja. Watoto walimwigiza viwanjani, wakikimbia na mpira wa matambara huku wakijitangaza wenyewe. Kujitangaza huko, kwa mtazamo wangu, ni kivugo kilichopata mavazi mapya. Kijana hakujisifu tena kwa mkuki, alijisifu kwa chenga.

Vilevile ligi ilizalisha lakabu, kipengele kilichomo katika silabasi yetu na ambacho tunahangaika kukitafutia mifano. Mnamo mwaka 1980 klabu zilitakiwa kuachana na majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union. Gor Mahia ilibaki na jina lake, ambalo ni la mganga mashuhuri wa masimulizi ya Waluo. Amri hiyo iliweza kubadilisha vyeti, haikuweza kubadilisha midomo. Mashabiki waliendelea kuiita Leopards "Ingwe", yaani chui kwa Kiluhya, na Gor wakaiita "K'Ogalo". Ukitaka kumfunza mwanafunzi kwamba lakabu ni namna ya jamii kuhifadhi kile ambacho jina rasmi limekificha, huu ni mfano ulio mlangoni pake.

Miaka ya themanini ndiyo iliyokuwa kilele. Leopards ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1982, 1983 na 1984 mfululizo. Mwaka 1987 Gor Mahia ilishinda Kombe la Washindi Barani Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia, kwa sare ya 2-2 ugenini na 1-1 Nairobi, mabao ya ugenini yakiamua.

Kuporomoka hakukuja kwa siku moja, na hapa ndipo Bungoma inapoingia kwa jina lake. Kando ya klabu za jamii, ligi ilisimama juu ya mabega ya viwanda na mashirika: watengenezaji wa bia, benki, posta, viwanda vya nguo vya Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret, na ule ukanda mzima wa miwa. Mchezaji aliajiriwa kiwandani, akapata mshahara na nyumba, akaicheza Jumapili. Kampuni ya Sukari ya Nzoia iliasisiwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978, na timu yake ikawa fahari ya uwanja wa Sudi mjini Bungoma. Mfumo huo ulikuwa na kasoro moja kubwa: kiwanda kikikohoa, timu inalazwa. Soko huria la miaka ya tisini lilileta mitumba kwa wingi, viwanda vya nguo vikazorota na timu zake zikafifia. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilikuwa bingwa mwaka 2001 na 2002, lakini haikudumu. SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa mwaka 2006, na mwaka 2019 ikafukuzwa ligini kwa kushindwa kufika mechini. Nzoia Sugar ilishushwa daraja mwaka 2024. Mwaka uliofuata serikali ilikikodisha kiwanda chenyewe kwa kampuni binafsi, pamoja na vingine vitatu vya umma.

Juu ya hayo kulikuwa na mizozo ya viongozi. FIFA iliifungia Kenya mwaka 2004, ikaifungia tena mwaka 2006, na tena mwaka 2022. Wadhamini walikuja na kuondoka: SuperSport ilijitoa mwaka 2017, SportPesa ikajitoa mwaka 2019.

Hata hivyo, usije ukadhani kwamba ligi imekufa. Ingali inachezwa, na mwaka 2025 ilipata bingwa mpya, Kenya Police. Kilichoporomoka ni masimulizi yake. Ligi ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1992 ilifika kwetu kwa setilaiti, kisha redio za masafa ya FM zikaanza kuitangaza kwa Kiswahili. Ule ustadi wote uliofinyangwa kwa ajili ya Kadenge ulihama na kwenda kumtumikia mchezaji wa Manchester. Ukipita Kitale siku ya Jumamosi jioni utasikia chuku, tashbihi na nidaa zikimiminika kutoka kila kibanda, lakini ni vigumu kusikia jina la kiwanja chochote cha Kenya.

Athari zake ziko wazi katika kazi za wanafunzi. Niliwahi kuwaomba watahiniwa wangu wabuni ligi yao na kuitungia kifungu cha utangazaji. Kundi moja lilitoka duniani kabisa. Wakabuni Ligi ya Sayari, wenye timu za Zuhura, Mirihi, Mushtara na Zohali, na fainali ikachezwa mwezini ambako mpira ukipigwa juu haurudi hadi kesho yake. Nilicheka na kuwapa alama nzuri za ubunifu. Lakini nilipowauliza nani anawalipa wachezaji wa Mirihi, na ni nani huko Zohali anayesikiliza mechi na kwa lugha gani, hawakuwa na jibu. Ligi yao ilikuwa na mabao, haikuwa na jamii. Mtu anayejua jinsi Nzoia ilivyopanda na kushuka asingekosa la kusema: angeipa Mirihi kiwanda, akakifilisi, na hadithi ingeanza hapo.

Katama Mkangi alilielewa hilo alipoandika Walenisi (1995). Mhusika wake Dzombo anasafirishwa kwa chombo hadi ulimwengu mwingine, lakini jina la ulimwengu huo linafumbuka kuwa "wale ni sisi". Utunzi wa sayari za mbali hupata uzito pale msomaji anapoyatambua mashamba, mishahara na migogoro ya nyumbani kwake. Wale wa Ligi ya Sayari waliambiwa warudie kazi, safari hii waanze kwa kuwahoji wazee wa mitaani kwao kuhusu mechi walizozisikia redioni. Mmoja alirudi na orodha ya wachezaji kumi na mmoja wa Abaluhya aliyosomewa kwa kichwa na babu yake, kuanzia kipa hadi wingi ya kushoto, kwa mahadhi yale yale ya mtangazaji.

Kwa hiyo, utakapokitunga kifungu kingine cha sajili ya michezo, jaribu kuongeza swali moja chini ya yale ya kawaida: "Mtangazaji huyu anazungumza na nani, na hadhira hiyo inaona nini?" Lipe alama nne. Kisha katika mwongozo wa kusahihisha, kubali jibu lolote linalotaja redio, umbali na mwaka.