Pasi, Kamera na Mboni ya Jicho: Wanawake Walioihoji Mashine

Ukitaja akili mnemba siku hizi (wenzetu wengi wa Kenya husema akili unde), watu huanza kuhesabu kuanzia mwisho wa 2022, pale ChatGPT ilipoingia kwenye simu zetu. Na ukiuliza nani aisimamie, utatajiwa wakubwa wa Brussels na Washington. Mimi naomba turudi nyuma kidogo. Swali la nani anachukua sura yangu, anaifanyia nini na kwa ruhusa ya nani, halikuanza na kompyuta. Lilianza na karatasi. Na mara nyingi waliolipaza sauti walikuwa wanawake.

Tuanzie Pretoria. Tarehe 9 Agosti 1956, wanawake wapatao 20,000 walikusanyika kwenye Union Buildings, makao ya serikali ya Afrika Kusini. Waliotangulia mbele ni Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams-De Bruyn. Walikuja kupinga pasi. Wanaume weusi walikuwa wakizibeba tangu zamani, na sasa serikali ilitaka wanawake nao wazibebe. Pasi ilisema wewe ni nani, una ruhusa ya kuishi wapi, unamfanyia kazi nani. Ukikutwa huna, unalala mahabusu. Wazee waliokulia Kenya ya mkoloni wangeitambua papo hapo: ni ndugu yake kipande, kile walichotembea nacho shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Waziri Mkuu hakutoka kuwaona. Wanawake wakaacha marundo ya maombi yao yaliyotiwa saini, wakasimama kimya nusu saa, wakaondoka. Pasi ziliendelea.

Pasi ilihitaji picha, na picha ilihitaji kamera. Hapo ndipo habari yetu inavuka bahari.

Mwaka 1970 Caroline Hunter, binti mweusi mzaliwa wa New Orleans, alikuwa mkemia wa kampuni ya Polaroid huko Cambridge, Massachusetts. Kampuni ilikuwa na jina kubwa, maana kamera yake ilikutolea picha ndani ya dakika moja, wakati wengine mnasubiri studio siku kadhaa. Siku moja Caroline na Ken Williams, mpigapicha wa kampuni hiyohiyo ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, walikuta kazini kitambulisho cha mfano. Kilikuwa na picha ya mtu mweusi na jina la idara ya migodi ya Afrika Kusini. Wakajiuliza: sisi na Afrika Kusini wapi na wapi? Walipofuatilia, wakajua kwamba mitambo ya kampuni yao ilikuwa ikitumika kutoa picha za pasi za makaburu.

Hawakunyamaza. Walibandika matangazo kazini, wakaunda umoja wa wafanyakazi, wakataka kampuni iondoke Afrika Kusini, wakaomba dunia isinunue bidhaa zake. Februari 1971 walitoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwezi huohuo Caroline alifukuzwa kazi. Kampuni ilijitetea kwamba haitaiuzia tena serikali ile, na kwamba wakala wake kule ataboresha mishahara ya weusi. Mwaka 1977 ikabainika kuwa wakala huyo alikuwa bado anaiuzia serikali kwa siri, na Polaroid ikafunga biashara yake nchini humo. Ilichukua miaka saba.

Ndugu msomaji, kabla hatujaendelea, shika jambo moja. Ile kamera haikuwa mbovu. Ilifanya kazi vizuri, na mtu mweusi ilimwona bila shida. Lawama ya Caroline ilikuwa kwenye kazi iliyopewa kamera hiyo, na kwa aliyekuwa ameishika.

Sasa tubaki hukohuko Cambridge, lakini tusogee miaka 45 mbele. Joy Buolamwini, mzaliwa wa Kanada mwenye asili ya Ghana, alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha MIT. Alikuwa anatengeneza kioo cha kidijitali ambacho kingeweka picha nyingine juu ya uso wako ukijitazama. Tatizo likawa moja: programu ya utambuzi wa sura aliyoitumia haikumwona. Kamera inawaka, yeye amekaa mbele yake, programu inasema hakuna mtu. Akachukua kinyago cheupe cha plastiki, akakivaa. Mara ikamwona!

Wengine wangecheka na kubadilisha taa. Joy akauliza: hii programu ilifundishwa kwa nyuso za nani?

Jibu lilikuwa linajulikana kwa yeyote aliyetaka kuangalia. Mkusanyo mmoja uliotegemewa sana na wataalamu, uliotolewa mwaka 2007 na Chuo Kikuu cha Massachusetts, ulikuwa na picha zaidi ya 13,000 za watu waliotokea kwenye habari mtandaoni. Na habarini hutokea nani? Wakubwa. George W. Bush peke yake alikuwa na picha 530. Wanaume walikuwa zaidi ya robo tatu. Basi kampuni ikijisifu kwamba mashine yake imepata asilimia 97, ujue imefaulu mtihani ambao Rais wa Marekani alikuwa swali lililorudiwa mara 530.

Joy akaona lazima atunge mtihani mwingine. Alihitaji nyuso za watu ambao picha zao ziko wazi kwa umma, wenye rangi za aina zote, wanawake wasiwe wachache. Akaenda bungeni. Yaani, alichagua nchi ambazo wanawake walikuwa wengi bungeni: Iceland, Finland na Sweden kwa Ulaya, Rwanda, Senegali na Afrika Kusini kwa Afrika. Akapata picha za wabunge 1,270.

Hapa huwa nasimama kidogo. Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwa na wabunge wengi wanawake kuliko wanaume, mwaka 2008. Afrika Kusini ni nchi ileile ya maandamano ya Pretoria na picha za pasi. Kama wanawake wa huko wasingepigania viti, mtihani huu ungekosa watahiniwa. Siasa ilitangulia, ndipo hesabu ikawezekana.

Mwaka 2018 Joy na mwenzake Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walitoa matokeo. Walipima mashine za Microsoft, IBM na Face++ kwa swali dogo tu: huyu pichani ni mwanamume au mwanamke? Kwa jumla IBM ilipatia kwa asilimia 87.9, alama ambayo mzazi yeyote angeifurahia. Lakini wao waliipasua ile jumla. Kwa wanaume weupe IBM ilikosea asilimia 0.3 tu. Kwa wanawake weusi ilikosea asilimia 34.7. Kwa Face++ makosa kwa wanawake weusi yalikuwa asilimia 34.5, na kwa Microsoft 20.8. Wastani mzuri ulikuwa umeficha kundi zima la watu, kama vile darasa linavyosifiwa kwa ufaulu huku safu ya nyuma yote imefeli.

Kampuni zilirekebisha haraka. Mwaka uliofuata Joy alirudia kipimo akiwa na Deborah Raji, na makosa ya Microsoft kwa wanawake weusi yalikuwa yameshuka hadi asilimia 1.52. Ila Amazon, ambayo haikuwamo mara ya kwanza, ilikutwa na asilimia 31.37, na ikayakataa matokeo. Mei 2019 Joy alitoa ushahidi mbele ya Bunge la Marekani, mwezi uleule ambao San Francisco ilipiga marufuku polisi na idara zake nyingine kutumia utambuzi wa sura. Juni 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd, IBM iliachana na biashara hiyo, nazo Amazon na Microsoft zikasitisha kuwauzia polisi. Timnit naye, Desemba 2020, aliondoka Google kwa mgogoro juu ya makala iliyoonya kuhusu hatari za mashine za lugha. Yeye alisema amefukuzwa, kampuni ikasema amejiuzulu. Caroline Hunter angeielewa hali hiyo.

Je, mashine ikishatuona vizuri, mambo yamekwisha? Hapa ndipo Pretoria inaturudia. Mashine inayokosea inaweza kumtia ndani asiye na hatia. Isiyokosea inaweza kukufuata kila uendako. Joy mwenyewe amesema mara nyingi kwamba usahihi peke yake hautoshi.

Nasi yalitufikia. Mwaka 2023, Nairobi, watu walipanga foleni ndefu pale KICC wakapigwe picha ya mboni za macho na kifaa cha Worldcoin, mradi ambao Sam Altman, mkuu wa kampuni ya ChatGPT, ni mmoja wa waanzilishi wake. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali zilizokadiriwa kama shilingi 7,000 za Kenya. Kwa mtu mwenye njaa na kodi ya nyumba, nani amlaumu? Mwezi Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Kamishna wa kwanza wa Data wa Kenya, Immaculate Kassait, alijikuta katikati ya sakata hilo, na ofisi yake haikukosa lawama. Mei 2025, katika kesi iliyofunguliwa na Katiba Institute, Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamua kwamba data hizo zilichukuliwa kinyume cha sheria: tathmini ya athari haikufanywa, na ridhaa ya watu ilivutwa kwa chambo cha sarafu. Akaamuru zifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa ofisi ya Kamishna.

Mwaka 1956 wanawake walisimama nje ya jengo la serikali na hakuna aliyetoka kuwasikiliza. Safari hii aliyekalia kiti cha hukumu alikuwa mwanamke, na aliyepewa kazi ya kuhakikisha amri inatekelezwa alikuwa mwanamke. Haimaanishi kwamba wakikaa wao basi mambo yananyooka yenyewe. Ofisi yoyote inaweza kuchelewa. Lakini swali la Pretoria sasa lina mahali pa kupelekwa na mtu anayewajibika kulijibu.

Kwa hiyo siku ukiambiwa, "Sogeza uso hapa, tabasamu, tayari," usiishie kuuliza kama mashine imekuona vizuri. Uliza picha inakwenda wapi, inakaa kwa nani, na ukibadili mawazo kesho utamwendea nani aifute.