Kuzima Maumivu ya Bega: Historia ya Sindano ya Ganzi

  

Vijana wetu wa bodaboda wanaanguka kila siku. Mwingine bega linateguka, mwingine mfupa unavunjika, na baadhi yao hulazimika kupasuliwa. Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, muuguzi wa usiku ni wewe. Leo tuzungumze kuhusu maumivu ya bega baada ya upasuaji, na sindano inayoyazima. Tuanze na historia, kwa maana imebeba funzo.

Hapa Gusii upasuaji haukuanza na hospitali. Wazee wetu walikuwa na omobari omotwe, mpasuaji wa kichwa. Mtu aliyegongwa kichwani na kubaki na maumivu yasiyokwisha alipelekwa kwake. Mpasuaji alifungua ngozi na kukwaruza mfupa wa fuvu kidogo kidogo. Sifa za kazi hiyo zilifika mbali, na mwaka 1958 daktari J. G. Grounds aliiandikia makala katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Wagonjwa wengi waliishi. Lakini zamani hizo dawa ya ganzi ya hospitali haikuwako. Mtu aliuma meno akavumilia.

Kutoka enzi hizo tumerithi wazo kwamba mgonjwa shujaa ni yule asiyelia. Wazo hilo lilikuwa na maana wakati hakuna njia nyingine. Je, leo bado lina maana?

Msikilizaji, dawa ya ganzi ilitoka mbali. Wenyeji wa milima ya Peru, Amerika Kusini, walitafuna majani ya koka tangu kale, na midomo yao ikafa ganzi. Mwaka 1860 Mjerumani Albert Niemann alitenga kokeini kutoka kwa majani hayo. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba matone yake yakitiwa jichoni, jicho linaweza kupasuliwa mgonjwa akiwa macho na asisikie uchungu. Muda mfupi baadaye, William Halsted wa New York aligundua jambo kubwa zaidi: ukidunga dawa karibu na mshipa wa fahamu, sehemu yote inayohudumiwa na mshipa huo inakufa ganzi. Lakini Halsted alijijaribia dawa hiyo mwenyewe, akanaswa na uraibu wa kokeini.

Basi wanasayansi wakatafuta dawa zisizoleta uraibu. Mwaka 1905 prokeini ya Mjerumani Alfred Einhorn ilianza kutumika. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Uswidi akatengeneza lignokeini, ambayo huenda ulishadungwa kwa daktari wa meno. Baadaye ikaja bupivakeini, inayodumu kwa saa nyingi zaidi.

Na bega je? Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka kwenye uti wa mgongo shingoni, hupita katikati ya misuli, kisha chini ya mtulinga hadi mkononi. Fikiria waya wa stima unaotoka kwenye nguzo kuja nyumbani. Ukiuzima pale nguzoni, nyumba yote inakuwa giza. Mwaka 1911 Mjerumani Kulenkampff alidunga dawa juu ya mtulinga, akianza na mwili wake mwenyewe. Mwaka 1970 Alon Winnie wa Chicago alieleza njia ya kudunga ubavuni mwa shingo, ambayo inalifaa sana bega. Mwaka 1994 madaktari wa Vienna walieleza jinsi ya kuiongoza sindano kwa ultrasaundi, mashine ya aina ile uliyopimwa nayo ukiwa mjamzito. Sasa daktari anaweza kuuona mshipa badala ya kukisia.

Mama uliyejifungua kwa upasuaji unaijua ganzi. Ulidungwa mgongoni, miguu ikafa ganzi, ukamsikia mtoto akilia. Sindano ya bega ni ndugu ya hiyo. Si kila hospitali inayo, kwa hiyo uliza kabla ya siku ya upasuaji. Mweleze daktari kama mgonjwa ana pumu au shida ya mapafu, kwa sababu sindano ya shingoni hudhoofisha kwa muda msuli wa kupumua wa upande huo.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo kazi yako inapoanza.

Kwanza, mkono utalegea kwa saa nyingi, wakati mwingine karibu siku nzima. Haujapooza. Ufunge kwa kitambaa shingoni, na uulinde usiguse jiko, chai ya moto wala maji ya moto, kwa maana mgonjwa hatasikia akiungua.

Pili, kope la upande huo likishuka kidogo au sauti ikikwaruza, usiogope. Mara nyingi hali hiyo huisha pamoja na ganzi. Lakini akipumua kwa shida, mketishe wima na umkimbize hospitali.

Tatu, ganzi haiagi. Mara nyingi huisha usiku wa manane, na maumivu huja kwa kishindo. Usingoje alie. Mpe dawa za maumivu alizoandikiwa kwa saa zake, aanze kabla ganzi haijaisha. Usiongeze dozi.

Nne, ganzi au ulegevu ukizidi siku mbili, mrudishe hospitali. Madhara ya kudumu kwenye mshipa ni nadra, lakini lazima daktari amwone.

Mgonjwa aliyetulizwa maumivu hulala, hula, na huanza mapema mazoezi aliyopewa, na hivyo bega halikauki. Wazee wetu walivumilia kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Sisi tunayo. Kijana wako akisema anaumia, usimwambie ajikaze kiume. Tazama saa, umpe dawa yake.

Mpaka kipindi kijacho, kaa salama.