Hela ya Matumizi na Kibindo cha Mama: Tulikotoka Kabla ya Kikundi



Katika kijitabu hiki wenzetu wameandika habari za hisa, mikopo na mgao. Sisi tumepewa kazi ya historia. Tumeona tusianzie siku kikundi kilipofunguliwa, kwa sababu miaka kumi ni michache, na ujuzi tulioingia nao haukuanza siku ile. Mama wa Kitanzania alijua kubana matumizi zamani sana kabla hajaletewa semina. Basi tutaeleza ujuzi huo ulipitia wapi, na pia jambo moja ambalo akina mama hulizungumza wakiwa peke yao tu: pesa iliyookolewa jikoni ni ya nani?

Tuanze na neno lenyewe. Kwa watu wa pwani upatu ni ile sahani ya shaba inayopigwa ngomani, na jina hilohilo ndilo tunaloita mchezo wa kuchangiana kwa zamu. Ngoma na michango vimekaa nyumba moja siku nyingi. Vikundi vya ngoma vya akina mama havikuwa vya kucheza tu. Mwenzao akifiwa au akioza, walichanga. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuingia TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma hapa Dar es Salaam kilichoitwa Bomba. Alipotakiwa awalete wanawake kwenye chama, alipita katika vikundi vya namna hiyo, na watu wakajaa. Mwaka 1962 ulipoanzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba vikundi vya akina mama vimeletwa na wafadhili wakumbushwe habari hiyo.

Sasa tuje kwenye miaka ambayo mama zetu, na baadhi yetu wenyewe, tunaikumbuka kwa tumbo. Katikati ya miaka ya 1970 ukame ulipiga nchi, chakula kikaagizwa nje, tukala unga wa njano wa Marekani ambao mitaani uliitwa Yanga. Mwaka 1976 kukawa na Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili yaje ya ushirika, na sehemu nyingi hayo ya ushirika hayakutosha. Halafu vikaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, tukaambiwa tufunge mikanda. Jamani, mikanda ilifungwa! Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, khanga, hata kiberiti, vyote vilikuwa vya foleni. Watu waliweka mawe kushika nafasi usiku, asubuhi kila mtu anasimama penye jiwe lake. Pengine ulihitaji karatasi ya balozi wa nyumba kumi ndipo upewe kilo yako moja.

Hapo ndipo akina mama walipogeuka mabingwa. Waliofulia majani ya mpapai wapo hai mpaka leo, waulizeni. Chai ilinyweka kavu au kwa chumvi. Khanga iliyochakaa haikutupwa: ilikuwa nepi, kisha ikawa kitambaa cha kushikia sufuria, mwisho ikawa dekio. Mwenye ndugu shamba alileta mahindi ndani ya mto wa kulalia. Haya hatuyasemi kwa kuyasifu. Kubana matumizi wakati duka ni tupu si kuweka akiba, ni kuponea tu. Pesa ilikuwepo mfukoni na hakuna cha kununua. Wengine waliokuwa nacho walikuwa wanauza kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha ile kampeni ya wahujumu uchumi, na baadhi ya watu walitupa mali usiku kwa woga, lakini rafu za maduka hazikujaa kwa sababu hiyo.

Zilijaa baada ya 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka huohuo ruzuku ya sembe iliondolewa. Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika nchi 1985, watu wakamwita Mzee Rukhsa, na mwaka 1986 tukakubaliana na IMF. Dola iliyokuwa chini ya shilingi 20 mwanzoni mwa mwaka huo ilikaribia shilingi 200 mwaka 1990. Basi mambo yakapinduka: bidhaa zipo, pesa hakuna. Mshahara wa baba ukawa wa siku chache tu. Ndipo zikaja maandazi, vitumbua, barafu, samaki wa kukaanga, kuku wa banda la uani. Waliita "miradi". Mtafiti mmoja, Aili Mari Tripp, alikuwa Dar es Salaam akichunguza mambo hayo miaka ya 1987 na 1988, na kitabu chake kilichotoka 1997 kinaonyesha wazi kwamba nyumba nyingi za wafanyakazi zililishwa na miradi hiyo kuliko mishahara, na kwamba upatu ulikuwa ndio benki ya wanawake. Sisi tulijua, lakini ni vizuri imeandikwa.

Hapo ndipo lilipoanza lile swali letu. Zamani mume alitoa hela ya matumizi, mama akaipanga. Akibakiza, alifunga kibindoni, na huo ukawa mtaji wake wa maandazi. Lakini maandazi yakianza kuuzika, hela ya matumizi nayo inaanza kupungua. "Si una mradi wako wewe?" Ni wangapi kati yetu hatujaisikia kauli hiyo? Mama anapunguza gharama ya mkaa, baba anapunguza hela ya mkaa. Mama anachukua zamu ya upatu, ada ya mtoto inamgeukia yeye. Hivyo kubana kwake hakumletei akiba, kunamletea mzigo wa mtu mwingine. Ndiyo sababu mama zetu wengi walificha zamu ya upatu hata kwa waume wema. Wengine huuita udanganyifu. Sisi tunaona ilikuwa kinga, ingawa kinga ya kuficha ina ubaya wake: ukifa leo, hakuna anayejua ulichokuwa nacho.

Sheria haikuwa kimya kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inasema ni wajibu wa mume kumtunza mke au wake zake kwa malazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake. Mradi wa mke haufuti wajibu huo. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi inayojulikana kama Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kulea, kufua, kumbe vina hesabu! Wengi huishia hapo wakishangilia. Lakini kesi ile ina upande wa pili. Mama mwenyewe hakuondoka na kitu zaidi, kwa kuwa mume alikuwa amempa fedha za mradi wa familia na mahakama ikaona kwamba fedha zile zilitumika vibaya. Maana yake ni kwamba mchango wa mama unahesabika, na matumizi yake nayo yanahesabika. Tulipoisoma habari hii kikundini, mjadala ulichukua jioni nzima, na ndipo ikaamuliwa kila mwanachama awe na daftari.

Utaratibu wetu wa hisa, nao una safari yake. Mwaka 1991 huko Niger, shirika la CARE liliwasaidia wanawake kuboresha upatu wao ili fedha zisigawanywe zote siku ileile, bali zikae kwenye sanduku, zikopeshwe, na faida igawanywe mwisho wa mwaka. Mtindo huo ukasambaa Afrika, ukaingia Zanzibar maeneo ya Jozani, na bara ukajulikana zaidi kama VICOBA. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama chetu vinatakiwa kusajiliwa. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, na hakuna mume anayeweza kuja kuliomba.

Kuhusu jikoni penyewe hatutasema mengi, maana kila mmoja ni fundi kwake. Ila jambo moja limetusaidia kuliko mengine. Mwenye hela ndogo hununua kwa bei kubwa: mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, sukari ya robo, sabuni ya kipande. Kila kipimo kidogo kina faida ya muuzaji ndani yake. Sisi tukaanza kununua gunia la mahindi msimu wa mavuno, watu sita kwa pamoja, tukagawana kwa debe. Wengi wanasaga dona, maana ukikoboa unalipia mara mbili na pumba unaiacha mashineni. Mkaa vilevile, gunia kwa watu wanne. Na jiko la udongo ndani ya bati, lile lililoanza kutengenezwa na mafundi wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, linatunza moto vizuri mradi lisipasuke. Likipasuka, usilifunge waya, badilisha udongo. Gesi imekuja, nayo ni nafuu kwa mwenye kuweza kulipia mtungi mzima kwa mkupuo. Hilo la mkupuo ndilo tatizo, na ndipo mkopo mdogo wa kikundi unapoingia.

Daftari tulizozitaja zina safu tatu: hela iliyotolewa na baba, hela iliyotolewa na mama, na kilichonunuliwa. Wapo waume waliokasirika mwanzoni. Wapo waliokuja kuziomba wenyewe baadaye, mmoja akasema hakujua kama ada yote ya mwaka ule ilitoka kwenye vitumbua. Mama mmoja wetu aliyefiwa na mume alizipeleka kwenye kikao cha ukoo, akazifungua mbele ya mashemeji ukurasa kwa ukurasa, na nyumba ikabaki kwake na watoto. Daftari za miaka ya kwanza zinatunzwa na katibu. Anayetaka kuziona aje Jumamosi mapema, kabla hatujaanza kuhesabu hisa.