Nana Asma'u na Wanawake Waliomzunguka



Leo nataka tumzungumze mwanamke ambaye wengi wetu hatukusomeshwa habari zake skuli. Anaitwa Nana Asma'u. Alizaliwa mwaka 1793, na mwaka 1864 akafariki huko Sokoto, kaskazini ya nchi inayoitwa leo Nigeria. Alikuwa mwanachuoni, mtunzi wa mashairi na mwalimu wa wanawake wenzake. Watu wakimtaja husifu akili yake, na kweli Mwenyezi Mungu alimpa akili. Lakini mimi kila nikisoma maisha yake nawaona watu waliokuwa pembeni yake, na najiuliza angekuwa nani bila ya wao.

Tuanze nyumbani kwao. Baba yake ni Sheikh Usman dan Fodio. Sheikh huyu aliwalaumu waziwazi maulamaa wa zama zake waliokuwa wakisomesha wanafunzi wa watu huku wake zao na mabinti zao wamekaa ndani hawajui hata namna ya kutia udhu. Yeye aliwasomesha wa nyumbani kwake, wake kwa waume. Mama yake Asma'u, Bi Maimuna, alifariki, na mtoto akalelewa na wake wenzake, Bi Aisha na Bi Hauwa. Hebu fikirini hapo. Neno mke mwenza kwetu linatosha kuleta ugomvi, lakini katika nyumba ile wake wenza ndio waliomlea yatima akawa mwanachuoni. Dada yake, Khadija, naye alikuwa msomi. Kaka yake, Muhammad Bello, alikuwa rafiki yake wa vitabu. Msichana akikua katika nyumba kama hiyo, kusoma kwake ni jambo la kawaida kama kupika.

Si kwamba maisha yalikuwa mepesi. Mwaka 1804, Asma'u akiwa na umri wa miaka 11 hivi, baba yake na wafuasi wake walihama Degel kwa kuhofia maisha yao, na vita vikafuata miaka kadhaa. Alikulia katika kuhamahama.

Sasa nyinyi biharusi nisikilizeni. Asma'u aliolewa angali mdogo na Gidado, rafiki mkubwa wa kaka yake Bello. Bello alipokuwa mtawala baada ya baba yao kufariki mwaka 1817, Gidado akawa waziri wake. Mwanamke huyu alikuwa na nyumba kubwa, wageni wasiokwisha na watoto wa kulea. Ingekuwa rahisi kuambiwa kwamba kusoma sasa basi, umeshaolewa. Haikuwa hivyo. Mume na mke walifanya kazi pamoja ya kukusanya na kuhifadhi maandishi ya Sheikh. Kaka yake naye alipoandika juu ya wanawake wema, Asma'u aliichukua kazi ile akaitungia shairi. Aliandika kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, na mashairi yake yaliyobaki ni zaidi ya 60.

Mtu anaweza kusema, "Hayo ni kwa sababu baba yake ni sheikh na mumewe ni waziri. Mimi nina nani?" Suali zuri, na jawabu lake limo katika kazi yake kubwa kuliko zote.

Baada ya vita, wanawake wengi wa vijijini waliingia katika dola mpya bila ya kuijua dini. Wengine waliletwa kama mateka. Hawakuwa na baba sheikh wala mume waziri. Kwa ajili yao, kwenye miaka ya 1830, Asma'u aliunda mtandao ulioitwa Yan Taru, yaani wale wanaojumuika. Kila kundi lilikuwa na kiongozi mwanamke aliyeitwa jaji. Jaji alikwenda na wenzake kwa miguu mpaka kwa Asma'u, wengi wao wakiwa wasichana wadogo na wanawake wa makamo, kwa sababu wenye watoto wachanga ilikuwa vigumu kusafiri. Walisomeshwa kwa mashairi ili yashike kichwani hata kwa asiyejua kusoma, kisha wakarudi vijijini kuwasomesha waliobaki nyumbani.

Mimi ni fundi wa nguo, kwa hiyo jicho langu lilikwenda kwenye kofia. Asma'u alimpa kila jaji kofia kubwa ya kusuka iitwayo malfa, na kitambaa chekundu cha kuifunga. Kabla ya hapo kofia ile ilikuwa alama ya kiongozi wa wanawake waliofuata ibada ya mashetani, bori, katika Gobir. Hakuitupa. Aliichukua alama ambayo wanawake wale tayari waliiheshimu, akaifanya alama ya elimu. Mwanamke akipita njiani na malfa, watu walijua huyu ni mwalimu na wale walio nyuma yake wako katika safari ya kheri.

Kwa hiyo, shoga yangu, wanawake wale hawakuzaliwa katika kundi jema. Walilifuata kwa miguu yao. Na Asma'u alipofariki kazi haikufa, kwa sababu dada yake Maryam aliiendeleza. Angekuwa anafundisha peke yake, yangeishia kaburini.

Hapa kwetu tunajua kumtafutia mwari kungwi na somo. Tunachagua mshoni, mpambaji na mpiga picha. Wateja wangu hunipigia simu mara tano kwa ajili ya lesi tu. Lakini baada ya fungate, nani atakaa na wewe? Shoga atakayekuuliza umefika wapi na juzuu yako au biashara yako, au yule anayekuja kukuhesabia makosa ya mumeo? Mtume wetu (S.A.W.) alimfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mvuvia moto wa mhunzi. Hutoki mikono mitupu kwa yeyote kati yao.

Kama huna kundi, anza na wawili. Kaeni siku moja kwa wiki, msome, mfundishane kazi. Mkono mmoja haulei mwana.

Mwenyezi Mungu amrehemu Nana Asma'u, na atujaalie marafiki wa kutuvuta kwenye kheri. Amin.