Kabla ya masika: kwa nini wazee wetu waliyakataa matuta ya ngazi

Februari inaisha, mawingu yameanza kukaa juu ya Uluguru, na hapa Bigwa wengi mnaniuliza mbegu gani ipandwe masika haya. Mbegu nitaifikia. Kwanza tuongee udongo, maana udongo wa milima hii una kesi ya zamani ambayo haijaisha.

Nikifika kwenye shamba la mteremko na kutaja matuta ya ngazi, wazee hunyamaza. Wengine hunijibu wazi kwamba hayo yalikataliwa tangu enzi za mkoloni. Vijana wenzangu wa ugani huuita huo ubishi. Mimi siuiti hivyo, na nitakueleza kwa nini.

Kuanzia 1950 serikali ya Mwingereza iliendesha mpango wa matumizi bora ya ardhi Uluguru. Hofu yake ilikuwa ya kweli: Mto Ruvu unapata maji yake huku, na udongo ulikuwa unashuka mtoni kila masika. Dawa iliyoletwa ni kuchimba matuta ya ngazi kwa amri. Watu walipangiwa siku za kuchimba, na asiyechimba aliadhibiwa. Bwana shamba wa wakati ule alikuja na sheria mkononi, na nadhani jina hilo bado linatutia doa hadi leo.

Tatizo halikuwa amri peke yake. Upande wa mashariki, kuelekea Matombo, udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukikata mlima ili upate ngazi pana, udongo mweusi wa juu unafukiwa na ule mwekundu wa chini, usio na chakula cha mmea, unabaki juu. Mkulima alitoa jasho lake, kisha mahindi yakatoka ya njano. Nani angekubali mwaka wa pili?

Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Vurugu zikatokea, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukavunjika. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata masikio ya watu milimani. Barabara ya kwenda Matombo inaanzia hapahapa kwetu Bigwa, kwa hiyo usidhani hii ni habari ya mbali.

Lakini pita upande wa pili wa mlima, Mgeta. Kule Waluguru walikuwa na ngazi zao ndogo: wanalaza majani na magugu kwa kukata mteremko, wanayafunika udongo, yanaoza humo humo. Hakuna aliyewalazimisha. Na kwa kuwa kule kuna mboga za kuuza, samadi na maji ya mifereji, hata ngazi pana zililipa. Kilichopishana ni rutuba na faida.

Hata hivyo mlima haumsamehi mtu. Tarehe 23 Februari 1970, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa takriban saa tatu. Maporomoko zaidi ya 1,000 yakatokea. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Msituni yalikuwa machache sana.

Sasa shamba lako. Ukichimba fanya juu, usianze kutupa udongo ovyo. Koleo la kwanza, sentimita 20 hadi 30 za juu, weka pembeni. Chimba mtaro kwenye mstari ulio sawa (pima kwa fremu ya A, miti mitatu na kamba yenye jiwe inatosha), udongo wa chini tupa upande wa juu ujenge tuta, kisha rudisha ule mweusi pale utakapopanda. Juu ya tuta panda matete au guatemala. Ni chakula cha mbuzi pia. Usiyachome magugu. Yalaze kama wanavyofanya Mgeta. Penye mwinuko mkali sana acha miti.

Kama ardhi ni ya ukoo na wewe umeazimwa, ongea na mkuu wa ukoo kabla ya kupanda mti au majani ya kudumu. Mti kwetu ni alama ya umiliki, na nimeona tuta zuri likivunjwa kwa sababu hiyo tu.

Na mbegu? Masika panda mahindi, maharage na mchicha kwenye matuta yaliyoinuka. Nyanya usizikimbilie, mvua nyingi huleta bakajani na utamaliza hela kwenye dawa za ukungu. Kitalu cha nyanya kiandae mwishoni mwa Aprili, upana mita moja, samadi iliyooza vizuri, kivuli chepesi. Miche itakuwa tayari kuhamishwa mvua zikipungua, na kipupwe kitakukuta una kitu shambani.