Grupu la mtaa mtandaoni: Namna ya kulifanya liwe la wote, na pesa ya kuliendesha itoke wapi

Karibu kila mtaa sasa una grupu la WhatsApp. Maji yakikatika, mtoto akipotea au msiba ukitokea, taarifa inapita huko kabla haijafika kwa mwenyekiti. Sasa hesabu kaya za mtaa wako, kisha hesabu namba zilizomo kwenye grupu. Utakuta pengo. Wapangaji wa chumba kimoja hawamo. Bibi mwenye kitochi hayumo. Dada wa kazi, fundi aliyehamia mwezi uliopita, mama anayeuza maandazi kona ya barabara, wote hawamo. Mvua kubwa ikija na mfereji ukafurika, hao ndio wanaopata habari mwisho.

Kama wewe ni admini, au unafikiria kuanzisha grupu la mtaa, haya hapa ni mambo yanayofanya kazi, na mifano ya watu waliowahi kuyajaribu.

Chifu wa Lanet Umoja

Mfano wa kwanza uko jirani kabisa. Francis Kariuki, akiwa chifu wa Lanet Umoja huko Nakuru, Kenya, alipata umaarufu duniani mwaka 2012 kwa kutumia Twitter kuongoza eneo lake. Usiku mmoja, saa kumi alfajiri, alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika ujumbe mfupi Twitter. Ndani ya dakika chache majirani walikuwa nje ya nyumba ile, wezi wakatimka. Alitumia njia hiyohiyo kutangaza mikutano na hata kutafuta mifugo iliyopotea.

Unaweza kujiuliza, kijijini mwaka 2012 nani alikuwa na Twitter? Wachache sana. Ila wakati ule ungeweza kufuata akaunti ya Twitter kwa SMS, hata kwenye simu ya batani, bila bando. Chifu aliandika mara moja, na mwenye simu janja na mwenye kitochi wakasoma kitu kilekile.

Mwaka 2020 Twitter ilifunga huduma hiyo ya SMS katika nchi nyingi. Ndiyo hasara ya kutegemea kitu cha bure cha kampuni ya mbali: kinaondoka bila kukuuliza. Kwa hiyo orodha ya namba za mtaa isikae kwenye WhatsApp peke yake. Iandike pia kwenye daftari, litunzwe na watu wawili.

Link peke yake haitoshi

Makosa ya wengi yanaanzia hapa. Mtu anafungua grupu, anatupa link kwenye status, anasubiri. Wanaojiunga ni wale wale: wenye nyumba, wenye kazi za ofisini, wenye bando la mwezi.

Shirika la E-Democracy la jimbo la Minnesota, Marekani, lililoanza mwaka 1994, lilikutana na tatizo hilohilo kwenye majukwaa yake ya mitaa. Jukwaa lilikuwa wazi kwa yeyote, lakini wahamiaji na watu wa kipato cha chini hawakuingia wenyewe. Moja ya mitaa hiyo ni Cedar-Riverside, Minneapolis, wanakoishi Wasomali wengi, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za Kenya. Shirika likabadili mbinu. Likachukua watu wanaotoka kwenye jamii hizo na wanaojua lugha zao, wakaenda kwenye mikusanyiko na milangoni wakiwa na karatasi na kalamu, wakaandikisha watu ana kwa ana.

Kwa mtaani kwetu hiyo maana yake ni Jumamosi mbili za kutembea na daftari. Nyumba yenye vyumba nane usiandike namba ya mwenye nyumba ukadhani umemaliza, kuna kaya nane humo. Muulize kila mmoja: unaitwa nani, namba yako ipi, simu yako ni ya aina gani, na je, unakubali kuwekwa kwenye grupu? Hilo la mwisho usiliruke. Kumuunga mtu bila kumuuliza ndiko kunakofanya nusu ya watu walefti siku ya kwanza. Namba ya simu pia ni taarifa binafsi, na inalindwa na sheria: Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022.

Wenye vitochi wawekee utaratibu. Wa bei nafuu kuliko wote ni kila mwenye simu janja kubeba majirani wawili au watatu, tangazo likitoka anawapigia au anabisha hodi. Ukiwa na pesa kidogo, tumia SMS za jumla kwa matangazo mazito tu, kama maji, mafuriko, chanjo na msiba.

Halafu kuna suala ambalo wengi hatulifikirii. Ujumbe wa sauti unamsaidia asiyejua kusoma na asiyeona vizuri, lakini unamwacha nje kiziwi. Picha ya tangazo lililobandikwa ofisi ya mtaa inamfaa kiziwi, lakini asiyeona simu yake haiwezi kumsomea maandishi yaliyo ndani ya picha kwa uhakika. Hakuna njia moja inayomfaa kila mtu. Kwa tangazo kubwa, fanya vyote viwili: andika mistari mitatu, kisha rekodi sauti ya nusu dakika ukisema yaleyale. Kazi yenyewe haifiki dakika mbili.

Namba za akina dada

Kwenye grupu la kawaida la WhatsApp kila mtu anaona namba ya kila mtu. Wasichana wengi wanajua kinachofuata: "mambo mrembo" saa tano usiku kutoka kwa mtu asiyemjua. Wengine wanalefti kimyakimya na hawatasema sababu.

Tangu mwishoni mwa 2022 WhatsApp ina kitu kinachoitwa Communities. Kina sehemu ya matangazo ambayo admini peke yake ndiye anaandika, na humo wanachama wa kawaida hawaoni namba za wenzao. Anayetaka maongezi anaingia kwenye magrupu madogo ya ndani, kama la wazazi, la usafi au la vijana. Binafsi naona mpangilio huu unafaa mtaa kuliko grupu moja la watu 1,024, idadi ya juu kabisa inayoruhusiwa, ambapo tangazo la chanjo linazikwa chini ya video 40 za vichekesho.

Na kati ya maadmini, awepo mwanamke angalau mmoja ambaye wenzake wanaweza kumfuata inboksi wakisumbuliwa. Sheria iwe moja: anayesumbua anatolewa, hata kama ni mchangiaji mkubwa.

"Huyu mwizi, mkamateni"

Hapa ndipo grupu la mtaa linaweza kuua mtu, na si kutia chumvi. India mwaka 2018, uvumi wa WhatsApp kuhusu watekaji watoto ulisababisha watu wasio na hatia kupigwa hadi kufa na umati. WhatsApp ikapunguza kufowadi, ujumbe mmoja usivuke watu au magrupu matano kwa mara moja. Ilianzia India, mwaka uliofuata ikawa dunia nzima. Na sisi tunajua vizuri neno "mwizi" likipigwa barabarani linaishia wapi.

Marekani mtandao wa majirani wa Nextdoor ulipata aibu ya aina nyingine. Wakazi wa Oakland, California, walilalamika mwaka 2015 kwamba watu weusi wanaopita zao tu mtaani walikuwa wanaripotiwa kama wahalifu. Mwaka 2016 kampuni ilibadili fomu yake. Ukitaja rangi ya mtu ilikubidi utaje na vitu vingine, kama mavazi, viatu au nywele, na ueleze alichofanya. Kampuni ilisema taarifa za aina hiyo zilipungua kwa asilimia 75.

Badilisha neno "mweusi" weka "kijana mwenye rasta", "yule wa kabila fulani" au "muuza chuma chakavu", utaona tatizo ni letu pia. Kanuni ya kuweka ni rahisi: sema kilichotokea, wapi, saa ngapi. Picha ya mtuhumiwa haiwekwi kwenye grupu, inapelekwa polisi au kwa mwenyekiti. Ikiwekwa, admini anaifuta hapohapo, kabla ya mjadala. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza taarifa za uongo, na "nimefowadi tu" si utetezi wa kuutegemea.

Kama mtaa una watu wa kujitolea, jaribuni hata kusoma kabla ya kutoa. Front Porch Forum ya Vermont, jimbo dogo la Marekani lenye watu wasiofika laki saba, hufanya hivyo. Kila ujumbe unasomwa na mtu kabla haujatoka, jina na mtaa wa mwandishi vinaonekana, na ujumbe hutumwa kwa pamoja kama gazeti dogo. Ilianza mwaka 2000 kama barua pepe za mtaa mmoja wa mji wa Burlington. Kimbunga Irene kilipoleta mafuriko mwaka 2011, majirani walikuwa tayari wanafahamiana kwa majina, na humo ndimo walimopanga nani apeleke koleo wapi.

Michango

Grupu lenyewe ni bure, lakini kuliendesha kuna gharama: SMS za jumla, bando la maadmini, nauli ya anayezunguka na daftari. E-Democracy walipata ruzuku za taasisi kubwa, na ruzuku ina tarehe ya mwisho. Front Porch Forum inaishi kwa matangazo ya biashara za hapo hapo pamoja na michango ya hiari ya wanachama. Kwetu njia ya pili ndiyo inayowezekana. Tuseme mtaa una kaya 120, nusu yake wanatoa buku kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 60,000, ambayo kwa kazi ya aina hii ni pesa. Duka la vifaa vya ujenzi na mama lishe wakilipia kidogo tangazo lao la kila Ijumaa, inaongezeka.

Kinachoua michango ni mambo mawili. La kwanza ni pesa kuingia kwenye namba binafsi ya mtu. Hata akiwa mwaminifu kama nini, siku salio lisipoeleweka amekwisha, na grupu limekwisha naye. Tumieni akaunti ya kikundi. Tanzania kuna huduma kama M-Koba, iliyoanza 2019, na Kenya kuna M-Changa, iliyokuwepo tangu 2012. Tarehe moja ya kila mwezi mhazini anaweka skrinishoti ya salio na mistari ya matumizi. Kama hakuna kilichotumika, anaandika hakuna.

La pili ni ile orodha. Unaijua: jina, kiasi, alama ya tiki, kila anayetoa anaikopi na kuongeza lake. Kwa harusi sawa, kwa grupu la mtaa hapana. Aliyeona jirani ametoa elfu hamsini anaona haya kutuma mia tano yake, na asiyekuwa nacho anaanza kukaa kimya hata kwenye mambo mengine. Tangaza jumla, majina yabaki kwa mhazini. Na iandikwe kwenye kanuni kwamba asiyechanga anapata kila tangazo kama wengine. Vinginevyo mmejenga klabu, na mtaa bado hauna grupu.

Admini akihama

Maadmini wawe watatu au wanne, wasitoke nyumba moja, na mmoja awe mpangaji. Kila miezi sita wawili wapumzike, wengine washike. Kama ni mmoja tu, siku simu yake ikiibiwa au akihamia mkoa mwingine, hakuna wa kuwaelekeza watu, na mtaa unaanza kugombea nani mwenye haki ya kufungua jipya. Uchaguzi wa serikali ya mtaa ukikaribia, anayegombea apumzike uadmini mpaka matokeo yatoke. Hilo lisemwe mapema, kabla hajachukua fomu.