Redio Isiyofunguka kwa Bisibisi

Juma hili nawarudisha Kasingirima, kule Ujiji. Nilipokuwa kijana nilizoea kukaa barazani kwa fundi redio wa mtaa wetu. Wavuvi wa dagaa walimletea redio zilizonyamazishwa na unyevu wa ziwa. Mzee yule alifungua mfuniko kwa bisibisi, akapima kipande kimoja kimoja, kisha akasema: "Spika nzima. Mgonjwa ni huyu hapa." Akakibadilisha, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikarudi kunena.

Somo lake lilikuwa hili: chombo kilichogawanywa katika sehemu zinazoeleweka hakizikwi kwa ugonjwa wa sehemu moja.

Oktoba 1998 ilirushwa angani setilaiti ya AfriStar, mali ya WorldSpace, kampuni iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Ilikaa juu ya ikweta, nyuzi 21 mashariki. Kwa mtu aliyesimama Kasingirima, hapo ni karibu na utosi, imeinama kidogo upande wa Kongo. Matangazo yalianza 1999, na mwenye kipokezi maalumu aliweza kuisikia BBC bila mikwaruzo ya masafa mafupi.

Ndani ya kipokezi hicho kazi ziligawanywa vilevile. Sehemu ya kwanza ilinasa mawimbi. Ya pili ilitenganisha vituo na kusahihisha tarakimu zilizoharibika njiani. Ya tatu ilikunjua sauti iliyokunjwa kwa utaratibu wa MP3. Zilipokezana mafurushi ya tarakimu kama wachukuzi wa bandari ya Kigoma wanavyopokezana magunia: wa pili hana haja ya kujua wa kwanza amelitoa wapi, mradi gunia lina ukubwa waliokubaliana.

Chipu za kukokotoa sauti zilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, na sauti haingoji mtu. Furushi likichelewa, msikilizaji anasikia mkatiko. Ndiyo sababu programu zake zikaandikwa kwa moduli, kila moja na kazi yake, na muda wake umepimwa.

Lakini Oktoba 2008 WorldSpace ilifilisika, na hatimaye huduma ile ikafa. Sasa mpe fundi wetu kipokezi kile. Spika nzima, chipu nzima, waya mzima. Kilichokosekana ni setilaiti moja ya kukilisha, na programu iliyomo ndani haikujua kula chungu kingine. Bisibisi itafanya nini hapo?

Cha ajabu, moduli ya MP3 yenyewe haikufa. Mwaka huo huo wa 1998, chipu ya Micronas iitwayo MAS3507D ilikuwa ikifanya kazi hiyo hiyo ndani ya Rio PMP300, mashine ya muziki ya kutia mfukoni. Kanuni za MP3 zilikuwa zimechapishwa mwaka 1993 kama kiwango cha kimataifa, ingawa kwa miaka mingi watengenezaji walilipia hataza. Moduli iliyotii kanuni hizo ilipata kazi popote. Leo inaimba ndani ya redio ndogo za memori kadi na ndani ya sabufa za vibandani.

Basi kugawa kazi peke yake hakutoshi. Lazima tuulize: makubaliano baina ya sehemu na sehemu yako mikononi mwa nani? Yakiwa wazi, sehemu moja ikifa nyingine huolewa kwingine. Yakiwa siri ya mtu mmoja, anayefilisika huzikwa na vyombo vyetu.

Swali hili si la kale. Tangu Desemba 2012, tulipoanza kuzima mitambo ya zamani ya televisheni, tumenunua ving'amuzi kwa fedha zetu wenyewe. Kabla hujalipia kingine, muulize muuzaji: kampuni hii ikiondoka, king'amuzi hiki kitapokea nini? Akikosa jibu, rudisha noti zako mfukoni.